Mzee wa Mkongojo na Bastola Mbili Kwenye Kaunta

Alisukuma mlango kwa bega, mkongojo mkononi, theluji imejaa kwenye kofia. Hakusalimia. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye kaunta.

"Binti, nionyeshe bastola ambayo mtu akikosea, haipigi."

Nimeulizwa mengi kwenye kaunta ile. Hilo sikuwahi kuulizwa.

Naitwa Ingrid. Nilisomea ustawi wa jamii, nikarudi kwetu Michigan, kule juu kabisa kwenye Ziwa Superior, nikiamini nitasaidia watu. Nafasi za kazi hazikuwepo. Bwana Wendell, mwenye duka la silaha la mjini kwetu, akanipa kazi na chumba juu ya duka. Wenzangu wa chuo walinicheka. Mimi nikajiambia, hata hapa hatakosekana wa kumsaidia.

Nilikuwa na matumaini ya namna hiyo.

"Inategemea unaogopa kosa lipi, mzee," nikamjibu.

Hapo ndipo aliponiangalia. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye usingizi umemhama.

"Kosa la kuchomoa magazini ukadhani umemaliza."

Nikatoa bastola mbili kabatini.

Dukani kwetu kuna desturi. Kabla silaha haijatoka mkononi mwako, unachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, unavuta chuma cha juu nyuma, unaangalia kwenye chemba kama kuna risasi iliyobaki. Unayempa naye anaangalia upya, hata kama amekuona ukiangalia. Hakuna anayenuna.

Mzee aliangalia. Kisha akaingiza kidole kidogo ndani ya chemba, akapapasa. Kisha akaangalia tena.

"Mzee, haina kitu hiyo."

"Endelea kueleza."

Nikaanza na ile ya zamani, ya chuma, nzito. "Hii ina sefti, kizuizi cha kubonyeza pembeni. Triga yake ni ndefu, unaivuta kwa nia. Na ukichomoa magazini, triga inakufa. Hata risasi ikiwa imebaki kwenye chemba, haitoki."

"Na hii?"

"Hii ni ya kisasa, nyepesi. Pembeni haina kitu. Sefti iko kwenye triga yenyewe, hako kaulimi unakokaona. Ukiiangusha, haipigi. Lakini kidole kikivuta, inapiga. Haikuulizi."

"Magazini ikiwa nje?"

"Inapiga. Iliyobaki kwenye chemba inatoka."

"Sasa ipi salama?"

"Zote, kwa anayeijua aliyoishika. Hatari ni kushika hii huku mikono inaikumbuka ile."

Theluji ya kofia yake ilikuwa inayeyuka na kudondokea kwenye kioo cha kaunta. Nilitaka kupangusa, nikaona aibu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Jumapili, baada ya ibada, njoo nyumbani umwambie mke wangu hivyohivyo. Haongei. Anakula amesimama. Jumatatu anahamia kwa dada yake, mjini Duluth, na namjua, akitoka harudi."

"Kwa nini anaondoka?"

"Utakuja?" Akaegemea mkongojo. "Akikuuliza chochote, mjibu kama unavyonijibu mimi. Usitie sukari. Kila anayeingia nyumba ile anamtilia sukari."

"Nitakuja, mzee. Naahidi."

Akatoka kama alivyoingia. Hakununua hata kopo la mafuta.

Bwana Wendell akatokea nyuma ya duka, pasti mkononi, ule mkate wetu wa nyama na viazi.

"Unajua uliyekuwa unaongea naye ni nani?"

"Mteja."

"Mteja! Wewe mtoto wewe. Yule ni Reino Kangas. Mume wa Marlys."



Marlys kila mtu alimjua. Alikuwa polisi wa kaunti yetu tangu sijazaliwa, akastaafu vuli ile, kabla theluji haijaanza. Miaka yote alibeba bastola ya aina ile ya chuma. Kila akirudi nyumbani kutoka kazini alichomoa magazini, akaielekeza chini, akavuta triga kuhakikisha imekufa, akaiweka juu ya jokofu, akala.

Alipostaafu, kijana wake alimnunulia zawadi. Bastola ya kisasa, nyepesi. Aliinunua kwetu, kwa Bwana Wendell mwenyewe.

Marlys alifanya kama siku zote. Akachomoa magazini. Akavuta triga.

Reino alikuwa amekaa hatua chache mbele yake, anavaa viatu.

"Mguu ule ulivunjwa na bastola iliyotoka kwenye kabati hilo," Bwana Wendell akasema, akinionyesha kwa pasti. "Na kijana wao ameshaongea na wakili. Ulimwambia nini?"

"Tofauti ya bastola mbili. Na nimemwahidi nitaenda Jumapili kumweleza mkewe."

"Huendi."

"Bosi, kwani wewe ulimweleza yule kijana kwamba..."

"Ingrid." Akaiweka pasti mezani polepole. "Neno lako moja linaweza kufunga duka hili. Ukienda, Jumatatu nataka funguo. Za duka na za chumba."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya.

Siku zilizobaki niliuza, nilifagia, nilipanda kulala. Sikulia. Sikupanga mizigo. Ilikuwa kama mtu amenichomoa kitu ndani na kusahau kukirudisha.

Jumapili nikaenda.

Sanduku la safari lilikuwa mlangoni, limefungwa tayari. Marlys alikuwa jikoni, amesimama kwenye sinki, anaosha kikombe. Kilikuwa safi. Aliendelea kukiosha.

"Marlys, mgeni," Reino akasema. "Nisuse mimi, yeye hajakukosea kitu."

Marlys akaongeza maji ya bomba.

"Kahawa nimepika mwenyewe," akaniambia. "Ni mbaya. Kunywa tu."

Nikanywa. Ilikuwa mbaya kweli.

Nikaanza kueleza. Sikubeba bastola, nilitumia mikono mitupu. Nikasema habari ya triga inayokufa na triga isiyokufa. Nikasema mikono hukumbuka kitu cha miaka mingi hata kama kichwa kinajua kimebadilika.

Marlys alinisikiliza akiwa amenipa mgongo. Nilipomaliza akasema, kwa sauti isiyo na rangi yoyote:

"Kwa hiyo si kosa langu."

Alisema kama mtu anayerudia tangazo la redio.

"Mchungaji amesema si kosa langu. Kijana wangu anasema ni la duka. Wakili anasema ni la kiwanda." Akafunga bomba. Akageuka. "Wewe unafundisha watu kila siku. Nilipaswa kuangalia chemba?"

Reino akanitazama.

Wasomaji wangu, nilisomea kufariji watu. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema hapana, mama, usijisumbue, wewe pumzika. Neno lilishafika kwenye ulimi.

Lakini nilikuwa nimeahidi.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ulipaswa kuangalia."

Jokofu lilikuwa linanguruma. Sikuwa nimelisikia kabla ya hapo.

Nikangoja anifukuze.

Marlys akavuta kiti, akakaa mezani, mbele ya mumewe. Kikombe bado kiko mkononi, kinadondosha maji kwenye kitambaa.

"Wa kwanza," akasema. "Tangu siku ile, wewe ni wa kwanza."

Kisha akamgeukia mumewe.

"Reino, sikuangalia."

"Najua."

"Umejua siku zote?"

"Nilikuwa sakafuni, Marlys. Nilikuwa nakutazama wewe."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema mimi, ungesikia lawama. Na sina lawama. Nina mguu mbovu na kahawa mbaya, basi."

Marlys akaweka kikombe mezani. Akanyoosha mkono, akaugusa ule mguu chini ya goti, taratibu, kama anayeangalia kama chuma bado kina moto. Halafu mabega yake yakaanza kutetemeka.

Reino hakumbembeleza. Alibaki amekaa.

"Msindikize mgeni," Marlys akasema baadaye, uso umelowa. "Halafu urudi ukae. Bado naongea."

Mlangoni sanduku lilituziba njia. Reino akalisukuma kando kwa mkongojo, akalisogeza hadi chini ya makoti.

Jumatatu asubuhi nilishuka ngazi na boksi la vitu vyangu. Bwana Wendell alikuwa ameshanyoosha kiganja.

"Uliwaambia duka lina kosa?"

"Sikuulizwa habari za duka, bosi. Niliulizwa habari za chemba."

Akaangalia kiganja chake kwa muda. Hakukikunja.

Wewe unayesoma hapa, ukikaa na mtu aliyekosea, usiwe na haraka ya kumwambia hakukosea. Pengine hilo ameshaambiwa na wote, na ndilo linalommaliza. Pengine anangoja mtu mmoja amkubalie kosa lake, kisha asiondoke mezani.

Nikaweka funguo kwenye kiganja cha Bwana Wendell. Ya duka, halafu ya chumba.

Nikatoka na boksi langu kwenye theluji.