Mipira ya Gari la Wanawake

Mpira wa gari ukisuguliwa na mchanga wa moto hutoa harufu yake peke yake, kali na nzito, ukabaki nayo puani mpaka unafika nyumbani. Mimi harufu hiyo niliijua ningali mdogo, katika mji wa bandari wa Matrah, ikiwa imechanganyika na ya papa mkavu na ndimu kavu, kwa sababu lori la ami yangu Nasor lilibeba hivyo vyote, na nyuma yake lilikokota gari letu. Nikisema letu namaanisha la wanawake. Wenzangu wakikumbuka utoto wao hunusa maua. Mimi hunusa mipira, na wala sioni haya.

Tulikuwa hatuna muda mrefu tangu tufike kutoka Unguja, baada ya mwaka wa sitini na nne. Baba alikuwa ameondoka tena kwenda kutafuta kazi Kuweit, akatuacha mimi na mama chini ya uangalizi wa ndugu yake. Ami Nasor alikuwa mtu wa safari. Alipakia bidhaa Matrah akazipeleka Barka na mbele yake kwa njia ya pwani, na kwa kuwa hakupenda kulala kwa watu, alijenga chumba cha mbao juu ya lori, nusu chumba nusu mizigo, chenye kitanda, jiko la mafuta na dirisha lenye pazia. Ilikuwa nyumba yenye magurudumu, na aliionea fahari kuliko nyumba yake ya mawe. Tatizo likawa sisi. Mama hakuweza kukaa mle pamoja na wapakizi, wala hakukubali kuendeshwa na mwanamume asiyemhusu. Ndipo ami alipopata gari dogo ambalo injini yake imeshakufa, akalifunga nyuma ya lori kwa vyuma viwili vigumu, akatutia sisi ndani na mapazia madirishani. Tukawa na gari lisilo na dereva wala haja ya dereva. Stara ilitimia, na majirani wakaanza kuomba nafasi.

Mama, Bi Zuwena, alikaa kiti cha mbele ya usukani, na mimi pembeni yake. Lori liking'oka, yeye huvuta buibui lake vizuri, hushika usukani kwa mikono miwili, na macho huyatupa mbele kama kwamba njia yote ni yake. Jirani zetu wawili waliokaa nyuma walikuwa wakimwambia, "Polepole hapo, Bi Zuwena," naye huwaitikia. Mimi sikuona ajabu. Mtu akikaa mbele ya usukani hushika, hata mtoto anajua hilo. Na nitasema kweli, sijapata kumwona mama yangu mzuri kama alivyokuwa pale, kavaa vumbi kichwani mpaka nyusi.

Lakini mipira ya mbele ikawa haikai. Ya nyuma ilibaki na meno yake, ya mbele ikanyolewa pembeni mpaka nyuzi zikachungulia. Ami akalaumu mawe ya wadi, lile bonde kavu tulilokuwa tukilivuka. Kisha akailaumu chumvi ya pwani. Kisha, Mungu amsamehe, akaulaumu unene wa jirani zetu, ambao hata hivyo walikaa nyuma. Akahamisha mipira, ya nyuma akaileta mbele, nayo ikanyolewa vile vile. Siku moja baada ya sala ya alasiri akasimama uani akasema amechoka.

"Basi tena, shemeji. Gari hili nnalifungua. Mipira yenyewe haipatikani, na huu ukipasuka wadini, ntawafanya nini?"

"Na Salma?" mama akauliza.

"Salma ana mama mkwe wake."

Salma ni mdogo wake mama, aliyeolewa Barka, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imeshakuwa nzito. Mama yao alikuwa amezikwa Unguja. Mama alikuwa amemwahidi mdogo wake kwamba atakuwapo siku ya uchungu na atamlea mpaka arubaini itimie. Gari likifunguliwa, ahadi ile imekufa. Mama alitoka akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, buibui likiburura vumbini, akapitisha kiganja juu ya mpira, akaenda nyuma akapapasa na ule wa pili. Halafu akamwita ami.

"Shemeji, si mawe. Ni miye."

"Wewe? Umeifanya nini?"

"Nnaendesha."

Ami akalitazama gari, kisha akamtazama mama. Gari halikuwa na injini, na mama alionekana mzima.

"Lori likikata kona, sukani inajigeuza yenyewe ilifuate," mama akasema. "Miye siiachi. Naizuia, naigeuza ninavyoona sawa. Magurudumu yanataka kwenda huku, miye nayavuta kule. Ndo maana yananyoleka."

"Kwani unajua kuendesha?"

"Kuliko wewe. Baba kanifunza shamba, kabla sijaolewa."

Ami alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya lori lake. Alipopata pumzi akatoa sharti: mikono mapajani mpaka Barka. Akikuta mpira umenyolewa tena, gari analifungua palepale.

Safari hiyo siisahau. Tulipita Azaiba, wakati huo mchanga mtupu na mitende michache, na usukani ukawa unazunguka wenyewe mbele ya mama, kulia, kushoto, huku vidole vyake vimefumbatana. Jirani zetu walipiga kelele, "Shika, Bi Zuwena! Linakwenda peke yake!" Maskini, siku zote walidhani ndiye anayewafikisha. Mama hakushika. Machozi yalimtiririka kwenye vumbi la mashavu, na hayakuwa ya woga. Vitu vingi aliviacha Unguja na hakuvilalamikia, lakini kile kimoja alikuwa amekirudisha mkononi mwake, na sasa alikiachia mbele ya macho yangu kwa ajili ya mdogo wake. Tulipofika ami akakagua mipira. Ilikuwa salama. Siku ya uchungu ilipofika, mikono ile iliyokatazwa usukani ndiyo iliyompokea mtoto.

Siku hizi mkwe wangu ana gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo, na nyuma anakokota gari dogo la kutembelea akishapiga kambi. Njia ni lami tupu, tunapita Azaiba kabla chai haijapoa. Juzi alilalamika kwamba gari dogo linamaliza mipira ya mbele, akaanza kunieleza mambo ya vipimo. Nikamwambia achungulie kwanza kama hakuna mwanamke ndani.

Ami naye hakusahau. Mwaka wa sabini ulipopita na mambo yakafunguka nchini, hata wanawake wakaanza kuendesha, alilitia lile gari dogo injini, akavifungua vile vyuma viwili, na ufunguo akamkabidhi mama. Ulipofika wakati wa kubadilisha mipira, mama alimwita uani aje aitazame kabla haijatupwa. Ami, mvi zimeshamjaa, akachuchumaa, akaipapasa yote minne, mmoja mmoja.

"Imeliwa sawasawa," akasema.