Souris ya Papa Zakaria

Haya, mcheke mapema mumalize, maana mimi mwenyewe nikikumbuka siku ile bado naona aibu, siku wazee wa kwetu walipokwenda kwa kina Neema, pale Mudzipela, kusikia kama watanipa binti yao au hapana.

Baba yake, Papa Zakaria, mwalimu mstaafu, alikuwa ameandika hotuba ya kutujibu kwenye kompyuta yake ya zamani, na tumeshaketi sebuleni, wa kwao huku, wa kwetu kule, akataka kuichapa kwenye imprimante, lakini souris (kile kipanya cha kusogeza mshale) ikagoma. Wangemwita jirani yakaisha. Ila Neema alikuwa amenisifia kwao kwamba mimi nakusanya clavier (zile kibodi za kuandikia) na souris za kizamani na nazitambua kwa kuangalia kebo tu (ni kweli, ninazo gunia zima, mama amechoka nazo), basi wakanigeukia wote, nami badala ya kutulia kama mposaji nikasimama.

"Papa, hii souris iko ya zamani, iko na mupira chini," nikasema. "Na fiche yake, hiki kichwa cha kebo, iko ya muviringo, haiko hizi za bapa za siku hizi. Ya kijani ni ya souris, ya zambarau ni ya clavier. Muone."

Mpira ulikuwa umejaa uchafu, tatizo lilikuwa hilo tu, kitambaa kingetosha, ila niliona wazee wananitazama nikazidisha, nikachomoa fiche zote mbili ili waone rangi na zile pini ndogo ndani, mashine ikiwa inawaka (jambo ambalo mtu mwenye gunia kama langu anajua halifanywi), kisha nikazirudisha kwa mbwembwe. Souris kimya. Na sasa clavier nayo kimya. Hotuba ikabaki pale kwenye kioo, haitoki, haisogei hata mstari mmoja.

"Unamaliza kutengeneza?" Papa akauliza kwa upole.

"Papa, ni lazima tuzime, tuwashe tena. Hotuba ulikuwa umeienregistrer, umeihifadhi?"

"Hapana. Nikizima, maneno yangu itaenda wapi?"

Neema alikuwa anaangalia sakafu, na mimi nilijiona nikirudi nyumbani bila mke kwa sababu ya kebo mbili.

Papa akavaa miwani, akageuza kioo kidogo, akaisoma hotuba hivyo hivyo kwa kuinama, akatukaribisha, akamshukuru Mungu, akausifu ukoo wetu, mpaka mstari wa chini kabisa: "Na huyu kijana, siye tunamukubali kwa sababu..."

Akavua miwani.

"Sababu ziko chini," akasema, "na kule chini hatuwezi tena kufika."

Baba yangu mdogo ndiye aliyeanza kucheka, wazee wote wakapokea, na Papa mwenyewe akacheka mpaka machozi. "Bibi tunakupa," akaniambia. "Ordinateur yangu, usiiguse tena."

Basi tangu siku ile nikiingia nyumba ya watu naweka mikono mfukoni, hata redio ikitoa moshi. Lakini juzi nilishindwa, nikamuuliza Papa zile sababu zilizopotea mashine ilipozimwa zilikuwa nini.

"Muzee miye nimesahau," akajibu. "Zilikuwa nzuri sana. Ni weye ulizima."

Ningetoa gunia langu lote nizisome.