Alama za Jaribio Lisilofanyika

Saa tisa na robo alasiri. Wanafunzi wameshatawanyika, na Mwalimu Salvina Lushinge anamwaga karanga mbichi juu ya meza katika chumba cha darasa la pili, kwa kuwa shule haina ofisi inayotosha walimu wanane.

Punje moja ni mwanafunzi mmoja wa darasa la saba aliyekosa swali katika mtihani wa majaribio wa Hisabati. Mbele ya kila fungu ameweka kipande cha mfuko wa saruji chenye namba ya swali. Mafungu mengi yana punje tano, nane, kumi na moja. Fungu la swali la kumi na nne lina punje thelathini na moja. Darasa la saba lina wanafunzi thelathini na wanane.

"Mwalimu Donatus, acha kutafuna takwimu," anasema bila kuinua uso.

"Nimeokota iliyoanguka chini, Mama."

"Hata hiyo ni mtoto wa mtu. Irudishe."

Walimu wanacheka kidogo, kisha wanatazama lile fungu kubwa na kicheko kinakwisha.

Ni Juni 1986, katika shule ya msingi iliyo kilomita kumi na mbili kutoka Ushirombo. Uongozi wake umeomba isitajwe jina. Salvina, mwenye umri wa miaka arobaini na mitano, ni mwalimu wa taaluma. Kazi yake ni kutunza vitabu vya alama na, mara mbili kwa mwaka, kuwakalisha wenzake wazisome alama hizo pamoja. Mtihani wa darasa la saba uko mbele kwa wiki kumi na moja. Kitabu kimoja cha Hisabati kinatumiwa na wanafunzi tisa.

Haulizi nani kafundisha. Anauliza: "Swali la kumi na nne ni la kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Jambo hili linaanza kufundishwa darasa gani?"

"La nne," anajibu mwalimu mkuu, Tarsisi.

Watoto hawa walikuwa darasa la nne mwaka 1983. Aliyewafundisha ni Zipora Maduhu, binti wa kijiji cha Samuye, mmoja wa vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa chaki ili watoto wote nchini wapate mwalimu. Sasa ana miaka ishirini na saba. Anatazama dirishani. Hakuna anayemtaja.

"Kabla hatujaendelea," anasema Salvina, "nianze na langu."

Walimu wa zamani wanalijua. Salvina hulisimulia kosa lake kila mwaka, kwa maneno yaleyale, bila kupunguza.

Januari 1979 mumewe Alois, karani wa chama cha ushirika cha pamba, aliondoka na mgambo wenzake kwenda vitani Kagera. Mwezi wa Mei ikaja habari kwamba hatarudi. Matanga yakakaliwa bila kaburi. Baada ya siku saba Salvina alirudi darasani, darasa la nne, watoto hamsini na wawili. Mmoja wao alikuwa Justina, mtoto wake wa pekee.

"Nilikuwa naandika ubaoni, wao wananakili," anasema. "Nikimaliza ubao nafuta, naandika tena. Sikufundisha. Sehemu zilikuwa za muhula ule."

Muhula ulipokwisha, kitabu cha alama kilikuwa kitupu. Akakijaza jioni moja. Saba, sita, saba, saba, nane. Jaribio lenyewe halikufanyika. Hakuna mkaguzi aliyeuliza kwa nini watoto hamsini na wawili hakuna hata mmoja aliyepata tatu.

"Wangu nilimpa nane," anasema.

Watoto wale walifika darasa la saba mwaka 1982 wakiwa arobaini na wanne. Hakuchaguliwa hata mmoja kwenda sekondari.

Wakati huo matokeo yalijadiliwa kwa namna moja tu shuleni hapo: mwalimu alisimamishwa mbele ya wenzake, akasomewa idadi ya waliofeli, akakemewa. Januari 1983 aliyesimamishwa ni Marcel, mwalimu wa Hisabati wa darasa la saba, mtu mzima aliyebakiza miaka minne kustaafu. Taarifa iliyosomwa iliandikwa na Salvina. Ilisema kwamba ufundishaji wa Marcel ulikuwa hafifu.

Marcel hakujibu. Aliomba uhamisho, akaenda kumalizia kazi karibu na Kagongwa.

Salvina alipewa kabati lake alisafishe. Humo alikuta karatasi za mtihani wa majaribio wa darasa lile, zimefungwa kwa kamba ya katani. Badala ya kuzichoma alizisoma, swali kwa swali. Marcel alikuwa amesahihisha vizuri, na pembeni ameandika jinsi ya kufanya, mtoto baada ya mtoto. Maswali ya sehemu yalikoswa na watoto thelathini na tisa. Akafungua vitabu vya alama kurudi nyuma, darasa la sita, la tano, la nne. Hapo akakuta mwandiko wake mwenyewe.

Alimwandikia Marcel barua ya kurasa tatu. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, neno moja na sahihi: "Nimesoma."

Mwaka huohuo Tarsisi alikuja kuwa mwalimu mkuu. Salvina alimwomba mambo mawili: asisimamishwe tena mwalimu yeyote, na yeye aruhusiwe kusema lake kwanza. Tangu hapo shule imepeleka sekondari mtoto mmoja mwaka 1984 na watatu mwaka jana.

"Si wengi," anasema Tarsisi. "Lakini tunajua kwa nini si wengi."

 Donatus amekunja mikono. Hatimaye Zipora anasema, akiitazama meza.

"Hadithi hiyo nimeisikia mara tatu, Mwalimu. Mara tatu nimeondoka bila kusema."

"Sema ukitaka."

"Asili zikilingana najua. Zikiwa tofauti, sijui. Sikuwahi kujua. Nilipokuwa darasa la nne tulikuwa tunalima shamba la pamba la mwalimu. Watoto niliwaambia wajumlishe juu na juu, chini na chini."

Hakuna anayecheka. Salvina anachukua chaki na kuiweka mbele yake.

"Kesho saa moja kasorobo, kabla ya kwenda mstarini, mimi na wewe. Wiki mbili zatosha. Kisha utawafundisha darasa la saba wewe mwenyewe."

"Mimi? Watanidharau."

"Utawaambia ulikosea. Mtoto akishajua kosa ni la nani, huacha kujidharau."

"Wabeja, Mwalimu," anasema Zipora, yaani asante, kwa sauti isiyofika dirishani.

Kikao kinafungwa saa kumi na moja. Wanawake hao wawili wanashuka pamoja kwenye njia ya kisimani. Nje ya shule, Zipora humwita kwa jina la mtoto wake.

"Mama Justina, nikuulize? Usinikasirikie."

"Uliza."

"Sisi umetuambia mwaka hadi mwaka. Justina mwenyewe anajua?"

Salvina anajibu: "Hajui."

Justina ana miaka kumi na minane. Yuko kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, anaosha mchanga kwa karai kwa niaba ya wachimbaji, na hajafika nyumbani tangu Krismasi ya mwaka juzi. Matokeo ya 1982 yalipotoka hakulia. Alipanga madaftari yake, akayafunga, akasema: "Mama, kichwa changu ni kizito. Usipoteze nauli yako." Salvina, ambaye siku hiyo alikuwa bado hajalifungua kabati la Marcel, alimwambia asijali, si kila mtu amezaliwa na akili za shule.

"Nilipojua ukweli, maneno hayo yalikuwa yameshamwingia," anasema Salvina baadaye, akiwa amekaa kwenye kibaraza cha nyumba yake ya vyumba viwili. "Nikasema nitamwambia akikua kidogo. Akakua akaondoka. Kwa walimu ni rahisi. Wao sikuwanyima kitu."

Kanuni haziruhusu aliyefeli kurudia mtihani, na kwa umri wake Justina hawezi kurudi shule ya msingi. Salvina analijua hilo na halizunguki. Anachoweza kumpelekea ni habari tu, iliyochelewa miaka mitatu na nusu.

Ameomba ruhusa ya siku nne likizo itakapoanza. Tarsisi amempa sita. Atapanda lori la pamba hadi njia panda, kisha atatembea, akiuliza wanawake wa kuosha mchanga wanakaa wapi.

"Sitamwambia arudi," anasema. "Nitamwambia kwamba darasa la nne hakufundishwa, na kwamba aliyemnyima ni mimi. Kisha nitanyamaza mpaka aseme yeye. Asipotaka kusema mwaka huu, nitakwenda tena mwaka kesho."