Picha Niliyoiimbia

Naandika haya nikiwa bado na aibu. Kazi yangu ni kutembeza wageni katika chumba kidogo cha sanaa hapa Uvira, na sikumbuki siku niliyowahi kumjibu mgeni kwamba sijui.

Jumamosi ilikuja kwaya kutoka Kiringye. Mlangoni, mama mmoja aliyekuja peke yake aliniuliza, “Ile picha ya maji iko wapi?” Nilimwambia asubiri zamu. Nikaeleza vinyago, nikaeleza vibuyu vya maziwa vya Mulenge, mpaka tukafika kwenye picha hiyo. Ilikuwa imeletwa juzi, bila jina wala maelezo. Watu wamezama mpaka kiunoni, na mwanaume mmoja anamwinua msichana mwenye gauni jeupe. Kwetu huku kando ya ziwa, gauni jeupe ndani ya maji ni jambo moja tu.

“Huu ni ubatizo,” nikasema, kama mtu aliyekuwepo. Nikaanzisha mwenyewe wimbo, kwaya ikapokea, makofi yakajaa chumba. Yule mama peke yake hakuimba.

“Mama, weye haukubatizwa?” nikamtania.

Wimbo ukakatika.

“Nilibatizwa,” akasema taratibu. “Ile maji ni ya mutoni, iliingia mu nyumba yetu kule Songo. Ule mwanaume ni bwana yangu, ni yeye alichora. Na ule ni mutoto wetu. Wakati anamutoa mu maji, alikuwa amesha kufa.”

Mikono yangu ilikuwa bado juu, tayari kwa kupiga makofi.