Mkasi na Mkwe wa Dirishani

Siku mhifadhi nyaraka alipokuja kuyakagua makaratasi ya Mkasi ili yapelekwe hifadhini, wenye nyumba, Mkasi na mkewe, walikuwa hawajasemezana tangu juzi, na hata waliposemezana ilikuwa kwa kumpitia mgeni.

"Mwambie mzee," alisema mke, "kwamba maboksi yake yameshatoka, na stoo sasa inapumua."

"Mwambie mama," alijibu mume, "kwamba stoo hiyo haijapata kuhifadhi kitu cha maana kuliko hicho."

Mhifadhi, ambaye alikuwa mwanamke wa makamo mwenye adabu zake, alifungua mkoba wake. Alivaa glavu nyeupe za pamba, akaketi mbele ya boksi la kwanza.

Mkasi lilikuwa jina la mume la kazini. Mwenyewe alianza katika kituo cha televisheni kama mbeba nyaya, akapanda ngazi mpaka akawa mtayarishaji wa filamu za Jumamosi jioni. Muda wa filamu hizo haukurefushwa hata kidogo, kwa maana taarifa ya habari ilizisubiri kama askari mlangoni. Waandishi walileta miswada minene, akaikata. Waongozaji walileta vilio virefu, akavikata. Na mwigizaji mmoja aliyekuwa akifa kwa madaha aliambiwa afe upesi, watu wanataka kusikia habari. Wengi walimwogopa, wachache walimheshimu, na hakumbukwi mtu aliyempenda.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kwake jina hilo lilikuwa na chimbuko jingine. Katika mwaka wa kwanza wa ndoa, mumewe aliuchukua mkasi wake wa kitambaa, mzito, wa chuma cheusi, akaukatia muswada mzima ili avibandike vipande upya. Kila fundi anajua kwamba mkasi wa kitambaa ukishaonjeshwa karatasi hauikati tena hariri, bali huitafuna. Ulinolewa mara kadhaa ndipo ukarudia hali yake, na tangu hapo ulitundikwa kwenye msumari ambao mume hakuruhusiwa kuukaribia. Ugomvi ule haukupata kwisha. Ulibadili mada tu.

Kwa kuwa kituo hakikuwa na studio ya kutosha, Mkasi aliziingiza filamu zake sebuleni kwake. Sebule ile ilipata kuwa mahakama, hospitali, ofisi ya waziri na nyumba ya mjane, na mapazia yake yakajulikana kuliko waigizaji. Mwuza nyama alikuwa akimwuliza fundi, huku ananoa kisu, "Leo kwenu ni hospitali au mahakama, shemeji?" Naye alijibu kwamba kwao ni mahakama siku zote, ila hakimu ndiye hajaripoti kazini.

Kisha akaja mama yake fundi. Alikuja kwa wiki moja atibiwe macho, akakaa mpaka alipofariki. Alikichagua kiti cha dirishani kwa sababu pale palikuwa na mwanga, na Mkasi alipataka pale pale kwa sababu ile ile. Mtu na mkwewe hutazamiwa wastahiane. Hawa walistahiana kwa kusaga meno.

"Mama, tunaomba usogee kidogo, watu wafanye kazi," alisema Mkasi siku ya kwanza.

"Mimi nilikuja kwa binti yangu, baba," alijibu bibi. "Sikuja sinema. Isogezeni hiyo hospitali."

Ikawa hospitali ndiyo inayosogea. Kamera iliwekwa kwa namna ambayo bibi haonekani, na alipokohoa, kikohozi kilikatwa baadaye. Katika filamu zote zile hakusalia hata kivuli chake.

Lakini ile kazi ilikuwa na desturi yake. Kabla vitu havijaondolewa sebuleni, msaidizi alipiga picha za papo hapo, zile zinazotoka kamerani zikiwa tayari, za kila pembe ya chumba, ili kesho yake kikombe kirudishwe palepale kilipokuwa na pazia likunjwe vilevile. Kikombe kilikuwa katikati ya picha. Pembeni, dirishani, alikuwa bibi, amekunja uso, anaitazama kamera kama mtu anayemtazama mdai asiyemtambua. Picha zikatiwa katika majalada, majalada yakatiwa katika maboksi.

Bibi alipofariki hapakuwa na picha yake hata moja. Uhai wake wote alikataa kupigwa, akisema hawezi kucheka kwa amri ya mtu. Fundi alimwuliza mumewe kama huko kazini kwake haikosekani hata moja, naye akajibu kwamba hana. Msiba ukapita. Sura ya mama ikabaki kichwani mwa bintiye, ikafifia mwaka hata mwaka, kwanza kidevu, kisha paji la uso.

Sasa mhifadhi alifungua boksi la tatu, akaziinua picha zile, akauliza bila nia mbaya, "Na huyu bibi mkali ni nani?"

Fundi aliacha cherehani, akaja na utepe wa kupimia shingoni. Aliisogeza picha hadi karibu na pua, kwa kuwa macho yake nayo yalikuwa yameanza kuingia ukungu kama ya mamaye. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ulisema huna," alimwambia mumewe, safari hii bila mpatanishi.

"Sina picha zake. Hizo ni picha za vikombe."

Wala hakuwa akidanganya, kwa jinsi alivyoyaona mambo. Na hilo ndilo lililomchoma mkewe kuliko uongo.

Fundi alipozitaka picha, mhifadhi alimweleza kwa upole kwamba nyaraka hupokelewa jinsi zilivyo, na zikichomolewa na asiye mwenyewe haziwezi kupokelewa. Fundi angeweza kufika hifadhini kuzitazama siku yoyote ya kazi. Angejaza fomu, apewe glavu. Nakala zingepatikana baada ya kila kitu kuorodheshwa, jambo ambalo huchukua miaka.

"Kwa hiyo mama yangu nitamwona kwa fomu," alisema fundi. "Na hiyo nakala ikija macho yangu yameshazimika, nitaipapasa?"

Alimgeukia mumewe, akamwomba amkatalie mgeni. Mkasi alikataa katakata. Kanda za filamu zake kituo kilikwisha kuzifuta na kurekodi mpira juu yake; isipokuwa maboksi yale, hapakuwa na ushahidi wowote kwamba aliwahi kufanya kazi duniani. Aliongeza kwamba mama mkwe alimharibia filamu zote, na hatamruhusu amharibie na karatasi. Mhifadhi aliondoka, akaahidi kurudi na gari wiki itakayofuata.

Siku mbili kabla ya gari, Mkasi akiwa amelala baada ya chakula cha mchana, fundi aliutungua mkasi wa kitambaa kutoka msumarini. Aliuchagua huo makusudi, akijua kuwa hautakata tena hariri. Alizikata picha moja baada ya nyingine, kwa mstari ulionyooka kama pindo la suruali. Vipande vya dirishani akavitia katika kikapu cha nyuzi, na vikombe akavirudisha jaladani kwa mpangilio uleule.

Mhifadhi aliporudi aligundua mara moja. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa picha, akauliza ni nani aliyekata. Akaeleza, akimtazama Mkasi, kwamba mwenye nyaraka akikata kabla hajatia sahihi ya kuzikabidhi, hilo ni tendo lake na litaandikwa hivyo. Akikata mtu mwingine, huo ni uharibifu, na gari litarudi tupu.

Mkasi alizitazama picha. Akautazama mkasi juu ya msumari, ambao makali yake yalikuwa na vumbi jeupe la karatasi. Akamtazama mkewe, aliyekuwa akishona bila kuinua kichwa, mguu haupumziki juu ya cherehani.

"Ni mimi," alisema. "Kulikuwa na mtu amekaa kwenye picha. Nimemkata."

Mhifadhi akaandika kwa penseli. Sahihi ikatiwa, maboksi yakapakiwa, gari likaondoka.

"Neno hilo umelisema bila kumeza mate," alisema fundi.

"Nimelizoea."

Fundi hakushukuru, naye mumewe hakutarajia shukrani. Jioni, Mkasi alipokwenda kwenye kiti chake kusikiliza habari, alikuta juu ya televisheni fremu ndefu, na ndani yake mama mkwe amepangwa safu nzima, mwembamba, na jicho lilelile. Alijigeuza upande. Akajifunika gazeti. Hatimaye aliomba, kwa heshima yote aliyoweza kuikusanya, kama mama angeweza kusogezwa kidogo.

"Sogeza kiti," alisema mkewe.