Mwanamke Anayeyaita Magari Kwao

Saa tatu asubuhi, mvua ya mwezi wa Shravan inapiga bati la karakana kama inadai kitu, na Vanmala Khot ameziba sikio moja kwa kidole ili la pili lisikie simu. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, kwa wakala wa magari ya Vajrant mjini Sangli. Mdomoni ana kipande cha tangawizi.

"Haloo, mama wa kule Digraj? Binti yenu, yule mweupe mliyemchukua hapa mwaka juzi, anaitwa kwao. Siku moja tu. Tutamlisha, tutamrudisha."

Upande wa pili kicheko. "Dada, kesho tunamleta. Aje mikono mitupu au na vitafunwa?"

Binti mwenyewe ana magurudumu manne.

Vanmala ana miaka arobaini na saba. Kazi yake ni kuwapigia simu wenye magari ambayo kiwanda kimegundua yana kasoro, wayalete yatengenezwe bure. Mkoani hapa ni zaidi ya elfu tatu. Ukimsikiliza kidogo tu, unasahau kwamba anazungumzia chuma.

Kasoro yenyewe ni ndogo hadi inachekesha. Paipu ya breki, nyembamba kama kalamu, imepita karibu mno na chuma cha gurudumu la mbele. Kila gari likikata kona, paipu inasuguliwa. Siku ikitoboka, mafuta ya breki yanamwagika na mguu unakanyaga hewa.

Kiwanda kimoja ndicho kilichotengeneza paipu hizo kwa kampuni mbili: Vajrant, ya hapa hapa nyumbani, na Kitamori, ya wageni. Zote zikatangaza kasoro hiyo wiki ile ile. Gazeti la mkoa likaiweka Kitamori ukurasa wa kwanza, kwa herufi nyekundu: MAGARI YA KIFO. Vajrant ikawekwa ukurasa wa tisa, chini ya bei ya manjano sokoni: "Vajrant yawajali wateja kwa ukaguzi wa bure."

"Wenye Kitamori walikimbilia karakana kama nyumba inaungua," anasema Vanmala. "Wetu sisi wakanunua pipi kusherehekea! Eti wageni wameumbuka, sisi tulinunua cha nyumbani. Na paipu ni ile ile, pacha na pacha!"

Dnyandev Jangam, anayepanga kurasa za gazeti hilo, hunywa chai kibanda cha jirani. Wala hakatai.

"Dada, Vajrant wananunua ukurasa mzima wa nyuma kila Jumapili. Kitamori hata salamu za Diwali hawatoi. Sasa ulitaka mhariri afanyeje?"

"Avae miwani," Vanmala alimjibu, na chai ikampalia Jangam.

Lakini gazeti lilikuwa nusu tu ya shida. Nusu nyingine ilikuwa neno.

Mwanzoni Vanmala alisoma maneno aliyoletewa na makao makuu: kampuni inaomba gari lako lirudishwe. Kule kwenye mashamba ya miwa, maneno hayo yana maana moja. Gari linalotakiwa kurudishwa ni la mtu aliyeshindwa mkopo, na baada ya simu hiyo huja vijana wa benki na gari la kuvuta. Basi watu wakaficha magari. Moja liliingizwa kwenye banda la kukaushia zabibu. Jingine lilifunikwa majani ya miwa, ng'ombe wakawa wanalila paa.

Hilo la pili, Vajrant aina ya Pakharu, lilikuwa la mzee Bhagoji Mane, mkulima wa manjano upande wa Shirala. Vanmala anaikumbuka simu ile neno kwa neno.

"Gari gani? Mimi sina gari."

"Mzee wangu, mbona nasikia honi?"

"Huyo mbuzi."

"Mbuzi aina ya Pakharu?"

Hapo mzee akawaka. "Nimelipa kila mwezi, hata mwaka ule wa mafuriko! Na gazeti nimesoma, wenye balaa ni wale wa Kitamori. Baada ya wiki mbili nashuka mlima kumchukua mwanangu Sugandha kwa mumewe. Ana mimba ya miezi saba. Ulitaka nikampakie kwenye mkokoteni?"

Vanmala anaijua njia hiyo. Barabara ya kushuka kwenda pwani ya Konkan ni kona juu ya kona, huku ukuta wa mlima, huku ukungu. "Nilijua nikisema 'rudisha' tena, anakata simu. Na nilijua kwamba kwenda, atakwenda."

Akamuuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi ya makao makuu. "Mzee, Sugandha anakuja kufanya nini?"

"Swali gani hilo? Ni sikukuu ya nyoka. Anaitwa maher."

Maher ni kwao mwanamke, nyumba aliyozaliwa. Sikukuu hii ikikaribia, kila binti aliyeolewa huitwa huko, akapembee, ale, alale mpaka jua likolee, kisha arudi kwa mumewe na nguo mpya.

"Ukimwita, mkweo anamficha kwenye banda la ng'ombe? Anadhani hutamrudisha?"

"Mkwe wangu si kichaa."

"Basi na wewe ndiye mkwe wetu, mzee. Pakharu ni binti yetu. Tulimwozesha kwako hapa hapa, na nazi tulivunja. Sasa kwao wanamwita, na wewe umemfunika majani."

Mzee akaguna.

"Si mngesema hivyo tangu mwanzo," mzee akasema. "Nyinyi mnaongea kama benki."

Kesho yake akaja, kofia yake nyeupe kichwani, paa la gari bado lina majani. Fundi Shabbir Mulla akalinyanyua, akapitisha kidole gumba kwenye paipu, akasimama. Akawaita wenzake.

"Ilikuwa imebaki kama ganda la kitunguu," anasema Shabbir. "Paipu nimeshika nyingi. Ile niliishika kama yai."

Akalishusha, akaingia ndani, akakanyaga breki mara moja kwa nguvu zote, kama mtu aliyekutana na lori kwenye kona. Paipu ikapasuka. Mafuta yaliruka mpaka ukutani, na alama ipo hadi leo; Shabbir hataki ipakwe rangi.

Mzee Bhagoji aliitazama alama ile. Akavua kofia. Akaweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anayempima homa mtoto, akakaa hivyo. Kisha akaomba chai, na Vanmala ndiye aliyemshikia kikombe.

Mzee huyo ndiye aliyebeba habari. Kila asubuhi, pale wakulima wanapopeleka maziwa, akawa anasimulia. Na magari yakaanza kuja.

Yanakuja yameoshwa. Yamepakwa manjano na poda nyekundu kwenye boneti, yamevishwa mashada ya maua. Foleni inatoka getini inapinda barabara ya Miraj, na wapita njia wanasimama na miamvuli yao kutazama, kama vile harusi zote za mkoa zimeangukia siku moja.

"Nimeanza kazi hii sijaota ndevu," anasema Shabbir. "Sijapata kuona watu wanaleta gari bovu huku wanaimba."

Bibi mmoja wa Tasgaon, gari lake lilipokuwa tayari, aligoma kupanda. "Binti hatoki kwao mikono mitupu. Nguo yake iko wapi?" Meneja akacheka. Bibi hakucheka. Kufikia jioni meneja alikuwa amenunua jora la kitambaa cha kijani, na tangu hapo kila gari linaondoka na kipande kimefungwa kwenye kioo cha pembeni, nazi na konzi ya mchele kiti cha mbele. Mzee Bhagoji naye alirudi kudai kitambaa chake. Mwenye Kitamori mmoja alikuja kulalamika: "Sisi tulipewa risiti tu!"

Jana mchana, Pakharu moja iliyojaa matope ilisimama nje, kitambaa chake cha kijani kimelowa. Mzee Bhagoji akashuka kufungua mlango wa nyuma. Sugandha akatoka taratibu, mkono kiunoni.

"Kwenye kona moja lori lilitokeza kwenye ukungu," alimwambia Vanmala. "Baba akakanyaga breki. Ikashika."

Aliuchukua mkono wa Vanmala akauweka tumboni. "Huyu anapiga mateke tangu kule mlimani."

Jangam alikuwa kibandani na chai yake. Amemwambia Vanmala kwamba mhariri sasa amekubali: ukurasa wa kwanza, chini, paipu itajwe paipu na Vajrant itajwe Vajrant. "Lakini herufi nyeusi, dada. Nyekundu kagoma."

"Nyeusi inasomeka," anasema Vanmala. Anachotamani ni kwamba safari ijayo, kampuni iwe ya nani, itajwe kwa herufi za ukubwa ule ule, mama wa Digraj asihitaji kungoja simu yake.

Lakini wapo ambao mpaka sasa hawajapokea simu, na mlima bado una ukungu. Anatafuna tangawizi, anaziba sikio. Simu inaita. Inaita.

"Haloo? Samahani kuwasumbua. Kwao binti wanamuulizia."