Rubani Niliyepewa Jina Lake

Ningekuwa na adabu ya kufunga mdomo, yule mama mzungu asingefika kwetu Nyamira. Lakini mimi na kujigamba! Nilipostaafu ualimu nikapata simu kubwa na muda mwingi, nikaandika mtandaoni kwamba nina jina la rubani wa kivita, bingwa aliyeangusha ndege za Wajapani hadi akavishwa nishani, na kwamba baba yangu alimhudumia kule Burma. Nikaongeza chumvi kwamba walipendana kama ndugu wa tumbo moja. Nani alinituma?

Binti wa rubani huyo akasoma. Alizaliwa baba yake akiwa vitani, na hakuwahi kumwona hata mara moja. Akaniandikia kwamba, kabla hajafa, angependa kumshika mkono mtu anayebeba jina lile. Nikavimba kichwa, usiniulize. Nikapaka nyumba rangi, nikaenda Tabaka nikachongewa ndege ya jiwe laini la kule iwe zawadi, nikatangaza hadi kanisani.

Mgeni akaja, bibi mzee mwembamba mwenye mkongojo. Sebuleni tulikuwa watatu tu: yeye, mimi na mama yangu. Tulikula matoke na kuku, na mimi, ambaye sijawahi hata kupanda ndege, nikamsimulia vita. Nikamweleza kazi ya baba ilikuwa kusugua kioo cha mbele cha ndege, maana doa dogo tu, hata la inzi, rubani akiwa angani angeweza kulidhania adui, na adui mwenyewe asimwone. Mgeni akaitikia kwa kichwa akitabasamu. Hayo aliyajua.

Mama alishika kikombe chake cha chai. Ana miaka tisini na ushei, na Kiingereza hakijui. Kwake ni Ekegusii tu. Akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, mwambie nina neno lake."

"Kunywa chai kwanza, mama."

"Chai nitakunywa. Wewe mwambie."

Akaanza kusema, na mimi nikawa nasikia mambo hayo kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Asubuhi ya mwisho, rubani alimwita baba nyani mbele ya wenzake, akamrushia kiatu. Baba akameza hasira. Kisha akachukua kitambaa chenye oili akasugulia kioo, kikabaki na utando usioonekana mpaka jua likipige. Ndege ikapaa kuelekea jua linakochomoza. Haikurudi. Hakuna aliyemshuku baba, naye hakusema.

Akarudi nyumbani, akaoa. Watoto wao wawili wa kwanza wakafa wangali wachanga. Wazee wakaenda kwa mpiga ramli, wakaambiwa kuna marehemu anadai jina. Kwetu marehemu wa hivyo hutulizwa kwa kumpa mtoto jina lake. Wakataja babu wote wa ukoo, wa huku na wa kule, mpaka baba akaangua kilio na kumtaja mzungu. Usiku huo akamweleza mama sababu, yeye peke yake. Nilipozaliwa nikapewa jina hilo, nikaishi.

"Mume wangu alikufa na jambo hili kifuani," mama akasema, machozi yakimtiririka. "Mimi sitaki kwenda nalo. Mwambie namwomba atusamehe."

Mungu wangu! Miaka yote hiyo nimetembea kifua mbele, nikidhani jina langu ni la mapenzi. Nilisikia aibu ikinipanda kutoka miguuni. Mgeni alikuwa ananitazama, amesogea ukingoni mwa kiti.

"Amesema nini?" akauliza.

Naapa nilifungua mdomo nikitaka kusema kweli. Yakatoka mengine.

"Anasema baba yangu alimpenda sana baba yako, na mpaka leo hapa nyumbani tunamlilia."

Mgeni akainuka, akamwendea mama, akapiga magoti kwa taabu na kuibusu mikono yake. Alikuwa analia. Alisema kwa Kiingereza kwamba maisha yake yote aliogopa baba yake alikufa bila mtu wa kumjali, na kwamba sasa ametulia. Mama hakuambulia hata neno moja. Akamshika kichwa, akanigeukia.

"Ametusamehe?"

Pale ndipo ningeweza kurekebisha. Nafasi nilikuwa nayo, wote wawili wakiwa mbele yangu, na lugha zote mbili ninazo. Nilifundisha watoto wa watu kusema kweli mpaka nikapewa pensheni kwa kazi hiyo.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ametusamehe."

Mgeni amesharudi kwao. Huniandikia kila mara, na huniita kaka. Kila barua yake nikiifungua naona haya, namjibu kwa maneno machache ya salamu. Mama naye analala fofofo, jambo ambalo sikumbuki kuliona tangu utoto wangu. Juzi tulikuwa tumekaa uani, nikimmenyea ndizi, akanishika goti.

"Nikifika huko mbele nikakutana na yule rubani," akasema, "sitajificha tena. Nitamwambia, binti yako alikwisha kutusamehe, muulize mwanangu."